Kupeleka kisa cha kweli kwenye jarida la fasihi: mwongozo kwa mwandishi wa Mtwara na Lindi

Kisa changu cha kwanza nilikiandika nyuma ya daftari la hesabu za korosho, nikakituma kikiwa na kosa ambalo mtoto yeyote wa Newala angelicheka. Niliandika kwamba mwaka 2005 mjomba aliuza korosho zake kwa stakabadhi ghalani (unakabidhi mzigo ghalani, unapewa stakabadhi, fedha zinakuja baadaye), akangoja malipo ya pili mpaka shule zikafunguliwa. Mhariri aliyekipokea, mtu wa mbali ambaye sidhani kama amewahi kushika bibo, alinijibu kwa swali moja: mfumo huo si ulianza msimu wa 2007/2008?

Nikaenda kwa mjomba. Hakushangaa hata kidogo. "Mwaka ule tulimuuzia mchuuzi, mpwa wangu, kwa kangomba. Stakabadhi imekuja wewe umeshaingia sekondari." Kangomba ni ule ununuzi wa kienyeji, nje ya mfumo rasmi.

Kisa kile hakikuchapwa. Miaka miwili si mingi, lakini mhariri alikuwa na haki ya kujiuliza: kama hili amekosea, na yale machozi aliyosema yalimwagika je? Tangu siku hiyo nimeandika visa vingine, vingine vimekubaliwa, vingi vimerudi, na nimesoma vya wenzangu kabla havijatumwa. Ninachokiona ni kwamba huku kwetu watu wanahangaika sana na namna ya kutuma, ilhali kutuma ni kazi ya nusu saa. Kazi yenyewe iko kabla ya hapo.

Hatua ya 1: Jua unachopeleka ni nini

Kisa cha kweli ni tukio lililotokea, likasimuliwa kwa ufundi wa hadithi: kuna mahali, kuna watu wanaoongea, kuna jambo linalokufanya utake kujua lililofuata. Ufundi ni wako, ila tukio si lako kulibadilisha. Kuongeza mvua ambayo haikunyesha kwa sababu inapendezesha msiba, hiyo ni hadithi ya kubuni. Hadithi ya kubuni si dhambi, lakini ina mlango wake.

Kisa cha kweli si habari ya gazeti pia. Habari itasema Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani, mafuriko yakakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga. Ni kweli na inatosha kwa gazeti. Wewe uliyekuwa ndani ya basi lililokwama unajua jambo ambalo gazeti halijui: nani alifungua mfuko wake wa karanga akazungusha viti vyote, na nani alijifanya amelala.

Nje ya nchi aina hii ya uandishi iliwahi kupata hata jarida la peke yake. Lee Gutkind alianzisha Creative Nonfiction huko Pittsburgh, Marekani, katika miaka ya 1990, na mengi yaliyokuja baadaye yanafuata sharti lilelile la kutobuni. Kwenye matangazo ya Kiswahili utakutana na majina kama kisa cha kweli, kumbukumbu, tawasifu au insha binafsi. Tangazo likisema hadithi fupi bila neno lingine, chukulia wanataka ya kubuni.

Hatua ya 2: Chagua dogo

Usiandike historia ya gesi ya Mtwara. Andika jioni moja ya Mei 2013, siku za ghasia za bomba la gesi, ulikuwa wapi, mlango ulifungwa na nani, chakula gani kilibaki jikoni. Usiandike maisha ya mkulima wa korosho, andika asubuhi moja ya kupuliza salfa umande haujakauka, macho yanawasha, na baba hataki kusema mashine ni ya kukodi na saa zinakwenda.

Wahariri wameshapokea fukwe nyeupe na minazi ya kutosha. Mtwara ya tangazo la utalii waachie wenye hoteli. Kivuko cha Msangamkuu saa kumi na mbili asubuhi, au kile cha Kitunda pale Lindi, kina visa zaidi kuliko ufukwe wote, kwa sababu pale watu wanangojana na kuzungumza.

Hatua ya 3: Hakiki mwaka

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoangukia.

Wazee wetu hawahesabu miaka kwa tarakimu. Ukimuuliza bibi alizaliwa lini atakwambia mama yake alimbeba mgongoni wakati wa kimbunga. Hilo ni jibu kamili, ukijua kulisoma. Mimi nimejitengenezea orodha ukurasa wa mwisho wa daftari, na nakushauri utengeneze ya kwako. Mradi wa karanga wa Nachingwea ni 1947 hadi 1951. Kimbunga kilichopiga Lindi ni Aprili 1952. Reli ya Mtwara na Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo mtu anayesema alipanda treni kwenda Mtwara akiwa kijana, umri wake unaweza kuukisia. Vita vya ukombozi wa Msumbiji, wakati wapiganaji wa Frelimo wana kambi Nachingwea, ni 1964 hadi 1974. Vita vya Kagera ni 1978 na 1979. Daraja la Mkapa kule Rufiji lilifunguliwa 2003. Safari yoyote iliyolala kwenye kivuko cha Ndundu kwa kukosa daraja ni ya kabla ya hapo. Wanajeshi kwenda kubeba korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo ni Novemba 2018. Tahadhari ya kimbunga Kenneth, watu wakahamishwa kutoka mabondeni, ni Aprili 2019.

Kuna mtego mmoja. Mzee akisema "tulipohamishiwa vijijini", mkono unakimbilia kuandika 1974, mwaka wa operesheni ya nchi nzima. Lakini sehemu nyingi za Mtwara zilikuwa na vijiji vya ujamaa mapema kuliko mikoa mingine, kwa sababu ya vita ng'ambo ya Ruvuma. Muulize mambo mengine ya wakati huo kabla hujaandika tarakimu.

Halafu kuna kalenda ya shamba. Salfa hupulizwa kuanzia Mei mpaka Julai au Agosti, maua na ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, vikiwa vinashindana. Mabibo yanadondoka kuanzia Septemba, na minada inapamba moto Oktoba na kuendelea. Mvua yetu ni moja ndefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Ukiandika watoto wanaokota mabibo mwezi wa Juni, mhariri aliyeko Nairobi anaweza asigundue. Msomaji wa Tandahimba atafunga ukurasa na hatakusoma tena.

Namna ninavyofanya: nachora mistari miwili kwenye karatasi nipate safu tatu. Ya kwanza ninachokumbuka, ya pili nani mwingine alikuwepo, ya tatu kuna karatasi gani. Karatasi zipo nyingi kuliko tunavyodhani. Stakabadhi za chama cha msingi, kadi ya kliniki, tiketi ya basi iliyotumika kama alama ya msahafu, picha yenye muhuri wa studio nyuma. Picha moja ya Idi iliwahi kuniokoa. Nilikuwa nimeandika nyumba ya bibi ilikuwa na bati, na picha ikaonyesha makuti.

Watu wawili wakikumbuka tofauti, usichague kumbukumbu inayopendeza. Andika kwamba wanatofautiana. Mara nyingi hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Na maneno ya watu: usiweke kwenye alama za mtajo mazungumzo marefu ya miaka ishirini iliyopita kana kwamba ulikuwa na kinasa sauti. Sentensi moja uliyoikumbuka maisha yako yote, iweke. Mengine sema alinieleza, alilalamika, alitania.

Hatua ya 4: Rudi kwa watu uliowaandika

Kubadilisha jina hakumfichi mtu wa kijijini. Ukisema "mwanamke mmoja mwenye duka karibu na msikiti, mumewe alikwenda Pemba ya Msumbiji asirudi", umeshamtaja. Badilisha na duka, au acha kabisa. Jarida likiruhusu kubadilisha majina, mwambie mhariri umebadilisha yapi, na mara nyingi wataweka mstari mmoja kumjulisha msomaji.

Mimi huwasomea kwa sauti. Wengi hawatataka kusoma simu yako, lakini watasikiliza. Wakati unasoma, angalia uso. Anayetazama chini kwenye aya fulani ana la kusema, mngoje. Sijawahi kukatazwa kisa kizima. Nimeombwa niondoe magonjwa, madeni, na mara moja bei ya mahari. Niliondoa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, habari za afya za mtu na habari za watoto si za kuchezea, na kabla ya sheria kulikuwa na heshima.

Jando na unyago ni suala lake. Najua jarida la mbali lingefurahi sana kupata yaliyofanyika ndani, na najua wapo walioandika. Msimamo wangu ni kuandika mpaka mlangoni. Nyimbo zinazoimbwa hadharani, khanga mpya, mwali anavyotoka akiwa hajainua macho, gharama, ugomvi wa wajomba na baba mtoto juu ya nani alipe ngoma, hayo yote ni ya nje na yanatosha kurasa kumi. Ya ndani uliyapokea kwa kiapo pamoja na wenzako, na wenzako hawakusaini barua yako kwa mhariri.

Utani nao unahitaji mkono mwangalifu. Mtani anayeingia msibani na kudai marehemu alikuwa mlafi na sanda anaitaka yeye, hapa kwetu anachekesha na kufariji. Msomaji asiyejua desturi ataona mhuni. Usimwekee maelezo ya darasani. Onyesha mfiwa anavyocheka huku amejifuta machozi, ataelewa.

Hatua ya 5: Lugha

Simulia kwa Kiswahili sanifu, waache watu waongee wanavyoongea. Ming'oko ibaki ming'oko, usiite viazi pori. Neno la Kimakonde, Kimwera au Kiyao likisemwa na mtu, liache, ila hakikisha sentensi inayofuata inalibeba.

Hatua ya 6: Tafuta jarida, na ulisome

Soma angalau visa vitatu walivyochapisha. Kwa simu inawezekana. Bando la siku moja linatosha. Halafu soma masharti yao, taratibu, kama unavyosoma karatasi ya mkopo. Unatafuta haya: wanapokea Kiswahili au la, wanapokea visa vya kweli au vya kubuni tu, idadi ya maneno, dirisha la kupokea linafungwa lini, na kama wanakubali kazi uliyoituma kwingine kwa wakati uleule.

Angalia sana sharti la "isiyowahi kuchapishwa". Majarida mengi yanahesabu ukurasa wako wa Facebook kuwa ni kuchapishwa. Kisa ukikipenda sana, kifiche. Kundi la WhatsApp la ukoo lina watu mia mbili, na mmoja wao atakisambaza.

Majarida ya Kiswahili ya fasihi yanayopokea visa vya kweli mwaka mzima ni machache, sitakudanganya. Ndiyo maana inafaa kuangalia pia majarida ya Afrika Mashariki yanayofungua toleo maalumu kwa lugha zetu, na tuzo. Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, imekuwa ikipokea kumbukumbu za maisha, lakini wao wanataka mswada wa kitabu. Commonwealth Short Story Prize inapokea Kiswahili, maneno 2,000 hadi 5,000, bila ada, ila ni ya kubuni. Usiwapelekee maisha yako. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, nayo ni ya uandishi bunifu.

Kuhusu fedha: majarida kadhaa ya nje yanatoza dola chache kupokea kazi, wengine wana siku za bure. Anayekuomba laki moja ili akuchapishe, huyo ni mfanyabiashara wa uchapaji, mwache aende zake.

Hatua ya 7: Andaa faili

Herufi za kawaida, saizi 12, nafasi mbili kati ya mistari, kurasa zenye namba, jina la kisa juu. Kama wanasoma bila kujua mwandishi, jina lako lisionekane popote ndani ya faili. Tuma kwa aina ya faili waliyoitaja. Picha ya daftari iliyopigwa kwa simu hakuna atakayeisoma.

Ukiandikia kwenye simu, zima kwanza kirekebisha maneno. Yangu iligeuza kila "hata" kuwa neno la Kiingereza lenye maana ya chuki, na kisa cha mapenzi ya bibi na babu kikawa kitu kingine. Ukichapisha steshenari, kaa pembeni ya kijana anayechapa, soma naye mstari kwa mstari, na ujitumie faili kwa barua pepe yako kabla hujatoka. Flashi imebeba virusi wengi kuliko visa. Umeme ukikatika, omba ahifadhi kila ukurasa.

Halafu soma kwa sauti mara ya mwisho, ukiwa peke yako.

Hatua ya 8: Barua ya kuambatanisha

Iwe fupi. Mhariri hahitaji kuambiwa kisa kitamliza. Hii ni karibu na ninayotumia:

"Ndugu Mhariri,

Naambatanisha kisa cha kweli kiitwacho 'Magunia Mawili', chenye maneno 2,140. Hakijachapishwa popote. Nimekituma pia kwenye jarida lingine moja. Kikikubaliwa huko nitawajulisha siku hiyohiyo. Nimebadilisha majina ya watu wawili kwa ombi lao. Mengine yako kama yalivyotokea, na ninazo nakala za karatasi zinazohusika mkizihitaji.

Ninaishi Mikindani, nafundisha shule ya msingi, na msimu ukifika nasaidia shamba la familia.

Wako katika uandishi,"

Basi. Kama hujawahi kuchapishwa popote, nyamaza tu juu ya hilo, si aibu na si sifa. Wakikuuliza kama umetumia akili unde kuandika, jibu ukweli. Februari 2023 jarida la Clarkesworld la Marekani lililazimika kufunga dirisha kwa muda kwa kufurikiwa na kazi za mashine, na wahariri wengi wamekuwa wakali tangu hapo.

Hatua ya 9: Ngoja

Miezi mitatu ni kawaida, sita si ajabu. Andika kwenye daftari ulichotuma, wapi, lini. Muda waliousema ukipita, ulizia kwa mistari miwili yenye adabu. Usipige simu, na usimtume mtu anayemjua mhariri.

Kikirudi, soma kama kuna neno la kukusaidia, kisha kitume kwingine ndani ya wiki. Barua ya kukataa yenye swali, kama ile yangu ya stakabadhi, ni zawadi. Mtu hapotezi muda kuuliza swali kwa kazi aliyoidharau.

Hatua ya 10: Kikikubaliwa

Kwanza, waarifu wengine uliowatumia. Pili, soma mkataba kabla ya kushangilia. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ni mali yako tangu ulipoiandika, na haki hiyo inaishi umri wako wote na miaka 50 baada yako. Huhitaji kwanza kujiandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndipo iwe yako, ingawa kumbukumbu hiyo inasaidia mtu akikuibia. Jarida kwa kawaida linahitaji haki ya kuchapisha kwa mara ya kwanza tu, kisha kisa kinarudi kwako, unaweza kukiweka kitabuni baadaye. Ukiona wanataka haki zote, milele, kwa namna zote, uliza. Wengi hubadilisha wakiulizwa. Uliza pia wanalipaje, maana dola zilizokwama kwenye akaunti usiyoweza kuifungua ukiwa Mtwara hazinunui hata mchele.

Mhariri atapunguza. Akikata mapambo, mshukuru. Akibadilisha ukweli ili sentensi itiririke, mrudishie kwa upole. Mmoja aliwahi kugeuza uraka wangu, pombe ya mabibo, kuwa mvinyo. Nilimwandikia kwamba mjomba hajawahi kuonja mvinyo maishani mwake, akacheka, akaurudisha uraka.

Hatua ya 11: Peleka nakala kwa wenyewe

"Magunia Mawili" ni kisa kilekile cha mwanzo, nilichokiandika upya bila stakabadhi, na mwishowe kilitoka kwenye jarida la mtandaoni. Nikakichapisha steshenari, kurasa saba, nikaenda nazo shambani Jumapili. Mjomba alishakisikia kabla, akawa anaitikia tu kama mtu anayesikiliza kaswida anayoijua. Mkewe alikuwa anachambua korosho pembeni. Sikuwa nimewahi kumuuliza chochote. Safu yangu ya pili ilikuwa na mjomba, bibi, na jirani mmoja, wanaume wawili na mzee wa watu.

Nilipofika pale mjomba anaondoka usiku na magunia mawili kwenda kwa mchuuzi, alinyanyua mkono bila kuacha kuchambua.

"Mawili angeyabebaje? Moja nilibeba mimi."

Mjomba akasema ni kweli, alikuwa amesahau.

Jarida la mtandaoni linaweza kusahihishwa, na hii ndiyo faida yake juu ya karatasi. Andika kichwa cha kisa, nukuu mstari wenye kosa, weka mstari sahihi, na useme umeujuaje. Nilituma usiku uleule nikiwa nimesimama juu ya kichuguu, ndipo mtandao unaposhika. Siku ya tatu mke wa mjomba alikuwa ndani ya kisa, na gunia lake kichwani.